Kila Maji na Kwao

Fatna alikuwa ameinama kwenye shamba lake la Silanga, Kibera, akivunja sukuma wiki, majani ya chini kwanza, na kuyafunga mafungu kwa ukanda wa mgomba. Chini kidogo, Sifuna alikuwa na reki akitoa nepi kwenye chujio la mtambo wa kusafisha majitaka. Mtambo ulikuwa umechukua muda kujaa, tangi la kwanza, tangi la pili, halafu kile kitanda kirefu cha kokoto kilichopandwa matete, na asubuhi hiyo ndiyo maji ya kwanza yalikuwa yatoke safi upande wa pili.

Yakatoka. Yalikuwa maangavu na hayanuki kitu. Yalijikusanya kwenye kidimbwi cha mwisho, yakatulia kidogo kama mtu anayefunga kamba za viatu, halafu yakainuka juu ya ukingo na kuanza kupanda kilima.

"Mama Ramzy," Sifuna akasema, "maji inaenda."

"Inaenda wapi?"

"Juu."

Fatna alimaliza fungu lililokuwa mkononi, akalifunga, akaliweka kivulini. Ndiyo akayafuata.

Yalikuwa mapana kama mkeka wa kuswalia na yalikwenda mwendo wa mtu mwenye shughuli lakini hajachelewa. Yalishika upande mmoja wa njia ili watu wapite. Wanawake waliokuwa wakishuka na mitungi waliinua leso kidogo, wakayapisha, wakaendelea na hadithi zao. Kwa Kalekye muuza makaa yalizunguka magunia bila kulowesha hata moja, na Kalekye akasema huko siko maji huendako, lakini alisema tu kwa vile alikuwa amekaa bure. Wahenga walisema maji hufuata mkondo. Wahenga hawakukaa Silanga.

Huko juu kulikuwa na esteti ya matajiri yenye ukuta, na kwenye ukuta geti, na kwenye geti askari anayeitwa Oketch. Maji yalifika yakasimama. Oketch aliyaangalia, akainua kizuizi, yakapita. Ndani yaligawanyika, haya nyumba hii, yale nyumba ile, bila kubishana, yakapanda kwenye matangi ya juu ya paa.

Fatna alikuwa nyuma yao. Oketch alishusha kizuizi.

"Wewe mama unaenda kwa nani?"

"Nafuata hiyo maji."

"Hiyo ni ya wenyewe. Imetoka hapa na imerudi hapa. Wewe umetoka wapi?"

"Silanga."

"Basi si unaona," Oketch akasema, si kwa ubaya, na akamwonyesha njia aliyojia.

Mambo yalikuwa hivi. Choo cha Silanga kilikuwa ni cha kulipia kule juu karibu na reli, na cha bure kilikuwa ni mtaro. Bomba la majitaka la ile esteti nalo lilipasuka zamani, Fatna akiwa bado msichana, na lilikuwa linamwaga kila kitu kwenye mabonde ya chini. Ndipo watu wa mradi wakaja. Walikuwa na fulana, soda na mchoro. Walitaka mahali pa kuweka mtambo, na mahali pazuri palikuwa ni nusu ya chini ya shamba la Fatna, pale alipokuwa na nduma. Walimwambia akitoa hiyo nusu, maji safi yakitoka yatakuwa yake ya kumwagilia nusu iliyobaki, mwaka mzima, kiangazi na masika. Fatna aling'oa nduma zake mwenyewe.

Tracy wa mradi alikuja siku chache baadaye akiwa na gamubuti safi. Alisimama kando ya kidimbwi akayatazama maji yakiondoka.

"Mlisema ni ya shamba," Fatna akamwambia.

"Tulisema ni ya jamii, mama."

"Na hii jamii iko wapi?"

Tracy aliangalia juu kwenye ukuta, akaangalia chini kwenye sukuma. Alisema shida ni kwamba hawawezi kulazimisha maji. Alisema pia kwamba kwa upande wa ripoti mambo yako poa sana, kwa sababu maji yote yanayotoka yanatumika, hakuna hata tone linalopotea, na miradi mingine ingependa sana kufika hapo. Akapiga picha. Kwenye picha maji yalitoka kama ukungu tu.

Walijaribu njia zao. Sifuna alichimba mtaro wa kuyapeleka kwenye mboga. Maji yaliingia mtaroni kwa heshima, yakajaa, yakapumzika, yakatoka upande wa juu na kushika njia. Wakayateka kwenye madramu na kufunika. Madramu yaligonga mchana kutwa hadi majirani wakalalamika. Kalekye aliyachota na sufuria akapika chai. Chai iliiva vizuri, akaimimina, na wageni wake walipoenda kuinyanyua ikainuka kwenye vikombe ikaondoka na sukari. Alisikitikia sukari. Hata ile sukuma iliyoguswa kidogo ilianza kulala upande mmoja, upande wa esteti, kama watu wanaosikiliza redio ya jirani.

Sifuna ndiye aliyeelewa. Hakuwa na haja ya kufikiri sana, alikuwa akioga. Alikuwa amekaa Silanga miaka mingi, mpangaji wa chumba cha mwisho kwenye ile safu ya vyumba aliyoachiwa Fatna na babake, mzee Umar, na siku hiyo aliyabeba maji yake ya kuogea kwenye beseni akayamwaga kwenye tangi la kwanza badala ya mtaroni.

"Kama ya wadosi inarudi kwa wadosi," akasema, "yangu itarudi kwangu. Nitaikuta kwa mlango, niioge tena."

Ndani ya mtambo maji yalichanganyika kama watu kwenye matanga, huwezi kujua nani wa nani. Yakitoka, kila maji yalijua njia yake. Ya esteti yalipanda kilima. Ya Sifuna, kiasi cha beseni moja, yalipita mbele ya mlango wake bila hata kupunguza mwendo, yakafika kwenye reli, yakakunja upande wa magharibi. Sifuna aliyasindikiza kidogo, halafu akarudi kazini. Juma lililofuata mamake alimpigia kutoka Bungoma.

"Umetuma maji?"

"Ndio, mama. Imefika?"

"Imefika. Iko kwa boma, imekaa chini ya ule mti wako. Ni kidogo."

"Ni ya kuoga tu."

"Siku nyingine tuma na sukari."

Sasa hapo mtu asilaumu maji. Muulize mpangaji yeyote wa Kibera kwao ni wapi, hata aliyezaliwa hapo hospitalini na kusoma hapo na kuoa hapo, hatakwambia Silanga. Atakwambia Bungoma, atakwambia Vihiga. Hapa ni kwa nyumba, kule ndiko kwao, na akifa watu wachange apelekwe. Maji yaliuliza kile kila mtu huuliza, na yakaamini jibu.

Basi ikawa desturi. Watu walipomaliza kufua walibeba mabeseni hadi kwenye mtambo na kutuma. Ya Kageha, mshonaji wa sare za shule, yalikwenda Vihiga, na babake akayatumia kwenye kitalu cha miche. Ya Kalekye yalikwenda Kitui, ambako mvua ilikuwa imekosa muda mrefu, na kule walichinja mbuzi na kumtumia salamu kwamba afue zaidi. Kalekye alianza kufua hata nguo safi. Mtambo haukulalamika. Nepi tu ndizo zilizobaki kwa Sifuna, hizo hazikuwa na kwao.

Fatna peke yake hakumwaga.

"Mama Ramzy, na yako?" Kageha akamuuliza.

"Yangu namwagia mboga."

"Anaogopa," Kalekye akasema. "Itatoka hapo ishike njia ya Sudan. Itafika mpaka iulizwe paspoti."

"Heri Sudan. Yako juzi imenywewa na punda."

"Punda wa kwetu. Kwetu kabisa, na title ya shamba iko."

Walicheka, Fatna pia. Lakini Kalekye alikuwa amegusa pale pale. Babu yake Fatna alikuja kutoka Sudan na bunduki ya Mwingereza, akampigania, akamaliza vita, akapewa kipande cha msitu akae. Alizaa hapo akazikwa hapo, na mzee Umar vilevile. Ramzy, kijana wa Fatna, alipofika umri wa kitambulisho aliitwa mbele ya kamati akaulizwa kwao wapi. Akasema Kibera. Wakamwambia Kibera si kwao mtu, Kibera watu wanakaa tu, aseme kwao. Alienda na kurudi, akaenda na kurudi, na kitambulisho kilipotoka hatimaye picha haikufanana naye tena kwa sababu ya ndevu. Fatna hakuwa na wasiwasi na binadamu, hao alishawazoea. Alichohofia ni maji. Maji hayakuwa na sababu ya kumdanganya.

Maurice alikuja na watu wawili waliobeba utepe na kopo la rangi nyekundu. Alikuwa afisa wa kupima mpaka wa kando ya maji, mtu mpole, shati limepigwa pasi. Ufuko wa bwawa lililo chini ya shamba ulikuwa utengenezwe uwe mahali pa watu kutembea jioni, na kila kilichokuwa ndani ya kipimo cha sheria kutoka ukingo wa maji kilikuwa kinaondoka. Walipima kwa utepe kutoka ukingo wa bwawa. Utepe uliishia kwenye mstari wa mwisho wa sukuma. Wakapiga alama nyekundu kwenye kigogo cha mpapai.

"Shamba linaenda," Maurice akasema. "Nyumba ziko kwa mpaka. Hizo tunaangalia. Lakini kwa ushauri wangu, mama, anza tu kujipanga, uende kwenu."

"Kwetu ni hapa."

"Wote wanasema hivyo."

"Uliza hao wengine. Hakuna mwingine amesema hivyo."

Maurice alifikiri akaona ni kweli. Asubuhi nzima watu walikuwa wamemwambia Bungoma, Vihiga, Kitui. Akauliza hii ya Kitui ni ile ya maji, maana alikuwa amesikia. Fatna akamwambia ndiyo, ni hii hii, inatoka pale.

"Ni kweli inarudi tu kwao?"

"Haijawahi kukosea."

"Na yako?"

Hapo Fatna alikuwa na nafasi ya kusema sijui na kuyaacha. Hakuyaacha. Aliingia ndani, akachukua beseni la maji aliyooshea vyombo, yenye mabaki ya mkate wa gurusa na mafuta juu, akashuka nalo mpaka tangi la kwanza akamwaga mbele ya Maurice.

"Rudi ikitoka," akamwambia. "Ikienda mahali pengine popote, nitaifuata na sitakusumbua. Ikibaki hapa, utaniachia nyumba."

"Sijaahidi kitu, mama."

"Nimesikia. Rudi tu."

Zile siku za kungoja Fatna alifanya kazi zake. Alivunja sukuma iliyokuwa na alama nyekundu na kuuza kama sukuma yoyote. Ramzy alipiga simu kutoka Kabiro, Kawangware, anakokaa na kutengeneza simu za watu, akasema chumba chake ni kidogo lakini kuna kona. Fatna akamwambia angoje kwanza.

"Unangoja nini?"

"Maji ya vyombo."

"Sawa," Ramzy akasema. "Ukiamua uniambie nitoe ile meza."

Maurice alirudi. Wapangaji walikuwa wamejipanga kando ya kidimbwi, wengine na mabeseni yao mkononi kwa vile walikuwa na yao ya kutuma hata hivyo. Ya esteti yalitoka kwanza yakaondoka. Yakatoka ya Kitui, mengi. Halafu yakatoka ya Fatna, yamebeba rangi ya mbingu, bila mafuta, bila chochote.

Hayakuondoka. Yalikaa kwenye ukingo muda mrefu kuliko maji yoyote yaliyotangulia. Yakaenda kidogo upande wa reli, na Fatna akashika ncha ya mtandio wake. Yakasimama. Yakarudi. Yakapita kwenye yale matete, palipokuwa na nduma, yakazunguka mpapai wenye alama, yakapanda katikati ya mistari ya sukuma bila kukanyaga mche, yakafika mlangoni. Mlango ulikuwa umerudishwa tu. Yaliusukuma yakaingia.

Watu wakayafuata hadi kizingitini. Yalikuwa yamepita sebule, yakaingia chumba cha ndani, yakajilaza chini ya kitanda cha mzee Umar, yakatulia kama kitu ambacho kimekuwa mbali na kimechoka.

Fatna aliketi kwenye kiti cha mlangoni. Kalekye alikuja akasimama karibu naye, akamshika bega.

"Umeona?" Fatna akamuuliza Maurice.

"Nimeona."

"Basi?"

"Hii maji iko kwao, sina swali." Maurice alikuwa mtu wa haki, hakutaka kubisha kitu kilichokuwa mbele ya macho yake. Alichuchumaa, akaangalia chini ya kitanda, akatia kidole. "Na imekaa. Haiondoki?"

"Haiondoki."

"Usiku na mchana?"

"Si iko kwao."

"Basi hapo ndiyo shida, mama." Alisimama akapangusa kidole kwenye suruali. "Sheria haiangalii maji inayopita. Inaangalia maji inayokaa. Ukingo wa maji ni pale maji imekaa. Sasa imekaa hapa."

Wale wawili wakaleta utepe. Mmoja alishika mwanzo wake chini ya kitanda, mwingine akatoka nje nao, akavuka ua, akapita safu ya vyumba, akapita cherehani ya Kageha, na utepe ukaishia nyuma ya magunia ya Kalekye. Wakapiga alama kwenye ukuta wa Fatna, kwenye kila mlango wa vyumba, na moja kwenye gunia la makaa, kwa vile hapakuwa na ukuta hapo.

Kalekye aliitazama ile alama.

"Wewe na maji yako," akamwambia Fatna.

"Mliniambia nimwage."

"Tulitania. Si ungejua tunatania."

"Kitui iko," Fatna akasema.

"Kitui iko na mbuzi. Makaa nitamuuzia mbuzi?"

Hawakugombana zaidi ya hapo. Jioni Kalekye alileta kikombe akaazima chumvi.

Fatna alikaa na yale maji mpaka tarehe ya kubomoa ilipofika. Hayakuwa na taabu. Akifagia yalisogea, akimaliza yalirudi. Alimuuliza imamu wao, sheikh Nasir, kama yanafaa kutawadhia, ukizingatia yalikopitia.

"Rangi?" sheikh akauliza.

"Hakuna."

"Harufu?"

"Hakuna."

"Ladha?"

Fatna alifikiri. "Kama ya nyumbani."

"Tawadhia," sheikh akasema.

Akatawadhia. Yalidondoka kutoka viwikoni na miguuni yakarudi chini ya kitanda. Siku za mwisho aliongeza mengine, ya kufulia, ya kuoga, na kila yakitoka safi yalikuja kujiunga na wenzao, hadi yakafika kimo cha kifundo cha mguu na yeye akawa anapika juu ya kibao. Hakuyamwagia mboga. Mboga zilikuwa zinaondoka, na ingekuwa kama kumpa chai mtu aliye kwenye foleni ya kushuka garini.

Tingatinga lilikuja asubuhi baada ya chai. Dereva alikuwa kijana mstaarabu, alizima injini akasubiri Fatna atoe kitanda. Ramzy alikuja na mkokoteni. Walitoa kitanda, masufuria, na vile vifuniko vya ukili vya sinia ambavyo mamake Fatna alisuka kwa rangi nne. Halafu dereva akawasha. Ukuta wa udongo hauna makelele mengi. Ulikaa chini. Vyumba vya wapangaji vilifuata, kimoja kimoja, na wapangaji walikuwa wamebeba mabati yao tayari, wengine walishapata vyumba ng'ambo ya bonde, wengine walikuwa wamefuata maji yao.

Kilichobaki ni mtambo. Maurice alieleza kwamba mtambo uko kando ya maji kweli, lakini esteti iliandika kuomba ubaki, kwa vile matangi yao yanautegemea. Kwa hiyo walijenga uzio kuuzunguka na kupaka uzio rangi ya kijani.

Kabiro ni ghorofa. Fatna aliwekwa kwenye ile kona, meza ikatolewa, kitanda cha mzee Umar kikaingia kwa kukatwa miguu kidogo. Bomba la maji lilikuwa moja kila sakafu, na maji machafu yalimwagwa kwenye mtaro wa chini ambao ulikuwa unakwenda mahali ambapo hakuna mtu aliyejua. Fatna aliosha vyombo akayamimina yale machafu kwenye mtungi, akaufunga.

"Mama, mwaga tu kwa mtaro kama watu," Ramzy akasema.

"Ya mtaro haifiki."

"Haifiki wapi? Nyumba haiko."

"Haijui hayo."

Ramzy akamtafutia mtu wa boda ambaye hakasiriki mtungi ukivuja.

Siku aliyokwenda mara ya kwanza jua lilikuwa kichwani. Palipokuwa na sukuma palikuwa na njia ya mawe ya kutembelea, bado haijakwisha, na taa za njiani ambazo zilikuwa hazijaunganishwa na stima. Watembezi wawili wenye viatu vyeupe walikuwa wakipita. Pale nyumba ilipokuwa njia ilikuwa imekatika. Upande huu mawe, upande ule mawe, na katikati maji, yamekaa mraba mraba, sebule na chumba cha ndani, yameacha hata nafasi ya mlango. Watembezi walifika hapo wakazunguka kwa nyasi, wakaendelea na hadithi zao.

Sifuna alikuwa hapo na pampu. Alikuwa amevaa koti la manjano lenye jina la kontrakta. Alimwona Fatna akishuka kwenye boda, akazima mashine.

"Mama Ramzy. Niambie."

"Salama. Umeacha mtambo?"

"Nafanya zote. Alfajiri mtambo, kutwa hapa." Alipangusa mikono. "Usikasirike. Naivuta naimwaga kwa bwawa. Ikifika saa ya chakula inarudi. Naivuta tena. Kontrakta alitafuta mtu anaijua."

"Sijakasirika."

"Hawawezi weka mawe ikiwa imekaa."

"Na ikitoka si wanaweka?"

"Wanaweka. Ikirudi inayatoa. Inayapanga hapo kando vizuri, haivunji."

Fatna aliyatazama yale mawe. Yalikuwa yamepangwa kando kama vyombo vilivyooshwa.

"Kazi yenyewe ni ya kudumu?"

"Wamesema maji ikiendelea kurudi, ni ya kudumu."

"Basi itarudi," Fatna akasema.

Sifuna alimfungulia mlango wa uzio wa kijani. Fatna alimimina mtungi wake kwenye tangi la kwanza, akasikia yakijiunga na ya wenyewe, akarudi akakaa kwenye ukingo wa njia mpya, pale kiti cha mlangoni kilipokuwa. Maji yalisogea kidogo kumpa nafasi. Walikaa hivyo, yeye na Sifuna, wakaulizana habari za watu. Kageha alikuwa anashonea ng'ambo ya bonde. Kalekye alikuwa amerudi kutoka Kitui, alishindwa na mbuzi, sasa anauza makaa karibu na reli na hataki kusikia habari ya kufua. Mamake Sifuna alikuwa mzima, alikuwa bado anangoja sukari.

Msimamizi wa kontrakta alipita kwa mbali akainua mkono, kidole kimoja kikizunguka hewani.

"Ananiambia niwashe," Sifuna akasema.

"Washa."

"Unaweza ngoja niivute, irudi, uione vizuri. Saa ya chakula si mbali."

"Nina mtu wa boda."

Sifuna alishika kamba ya pampu akavuta, ikakohoa, akavuta tena, ikashika. Akachukua ule mpira mrefu wa kufyonza, akautandaza kwenye mawe kuelekea mlangoni, na Fatna akakunja miguu yake ili upite.